Mizani ya Mzigo

Sisi tuliolelewa katika ushairi, tukisikia neno mizani hatuanzi kuwaza chombo cha kupimia karafuu. Tunawaza silabi: nane za ukwapi na nane za utao, 16 kwa mshororo, 64 kwa ubeti mmoja wa tarbia. Nimezihesabu kwa vidole tangu nikiwa chuoni, na nywele zimegeuka mvi ningali nazihesabu. Sikutaraji kwamba ningefunzwa upya maana ya neno hilo katika umri huu, mwalimu akiwa kijana wa miaka 19 na darasa likiwa ni mchezo wa dadu.

Kijana huyo ni mtoto wa ndugu yangu, aliyezaliwa na kukulia Uingereza. Alikuja Unguja likizo ya Disemba kumtazama bibi yake, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza mwaka wa tatu. Nyumba yenye mgonjwa haina matembezi ya usiku. Baada ya sala ya Isha tulikuwa tukikaa ukumbini, mlango wa chumba cha mama ukiwa wazi ili tumsikie akiita, na mazungumzo yakishaisha tukawa tunatazamana. Usiku wa nne mgeni wetu akatoa mkobani kitabu kinene chenye picha za majoka, na kifuko cha dadu za kila umbo. Dada yangu mdogo, ambaye ndiye anayemuuguza mama, akauliza swali ambalo lingeulizwa kwanza katika nyumba yoyote ya mji wetu: "Hii si kamari?" Alipohakikishiwa kwamba hapawekwi hata senti, akavuta mkeka akakaa.

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Uliasisiwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Mtu aliyewahi kuitikia "pakawa" baada ya kuambiwa "paukwa" hatapata taabu kuuelewa. Mmoja ni msimulizi. Wengine ni wasikilizaji, ila kila msikilizaji ana mhusika wake ndani ya hadithi, naye ndiye anayemwamulia la kutenda. Msimulizi anasema, "Mbele yenu kuna pango." Wewe unasema, "Ninaingia." Penye shaka ya kufaulu au kushindwa, dadu yenye nyuso 20 ndiyo kadhi.

Mhusika hupimwa kwa sifa sita: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Hekima na Haiba. Katika toleo la mwaka 2014, ambalo ndilo tulilolitumia, njia mojawapo ya kumuumba ni kupewa nambari sita, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, ukazigawa upendavyo. Ukimjaza mhusika wako akili, pengine pake patapwaya. Hakuna aliyekamilika, na kwa sababu hiyo hakuna asiyehitajiwa.

Mimi nilimuumba mzee mwanachuoni. Nikampa Hekima 15, Haiba 14 na Akili 13. Ile 8 ya mwisho nikaitupa kwenye Nguvu, maana mshairi na mabavu wapi na wapi. Binti yangu akamuumba mpiga upinde, Wepesi 15. Dada yangu hakufikiri sana. Aliweka 15 kwenye Nguvu, 14 kwenye Ustahimilivu, na Haiba akaiachia 8. Tulimcheka. "Umetuletea mchukuzi," nikamwambia. Yeye akatabasamu tu.

Kisha yakaja masuala ya vifaa. Kanuni ya kawaida ya mchezo humruhusu mhusika kubeba ratili 15 kwa kila alama ya Nguvu aliyo nayo. Lakini ipo kanuni nyingine, ya hiari na kali zaidi, na hiyo ndiyo kijana aliyoichagua. Mzigo ukizidi ratili 5 kwa kila alama, mwendo hupungua futi 10. Ukizidi ratili 10 kwa kila alama, mwendo hupungua futi 20, na kila jambo linalotaka nguvu, wepesi au ustahimilivu hurushiwa dadu mara mbili, ikahesabiwa ile ndogo. Na mwendo wa binadamu katika mchezo huu ni futi 30 tu kwa zamu.

Nikaorodhesha mahitaji yangu kama mtu anayesafiri safari ya bara: kamba ratili 10, matandiko 7, chakula cha siku kumi ratili 20, mienge kumi ratili 10, hema 20, kitabu 5, kiriba cha maji 5, taa 2, upanga 3. Kijana akajumlisha: ratili 82. Kwa Nguvu yangu ya 8, mpaka wa mwisho ulikuwa 80. Mwanachuoni wangu alikuwa anatambaa futi 10 kabla hata hajatoka mlangoni.

"Acha kitu, Ami," akaniambia. Nikakagua orodha na nisione cha kuacha. Ndipo dada yangu akasema, "Nipe mimi." Akachukua hema, chakula na mienge, jumla ratili 50, nami nikabaki na 32, mwepesi kama unyoya. Yeye alikuwa na zake 40. Sasa zikawa 90, na kwa Nguvu yake ya 15 mpaka wa kwanza ulikuwa 75. Mwendo wake ukashuka hadi futi 20. Nilimshukuru kwa ufasaha wote wa Haiba 14, kisha nikasahau.

Baada ya siku mbili za mchezo tukakutana pangoni na dubwana lisilowezekana kwa silaha zetu. Tukakimbia. Mimi na binti yangu tulikwenda futi 30 kila zamu, dada yangu 20. Zamu ya tatu dubwana likamfikia. Dadu ikarushwa, na kijana akainua uso. "Ami, Shangazi ameanguka."

Nikateta. Vipi mwenye nguvu kuliko sote awe ndiye wa mwisho mbioni? Kijana akanijibu kwa upole, "Kwa sababu amebeba vitu vyako."

Binti yangu hakupenda mwisho ule, akashauri tuanze upya bila ya kuhesabu uzito. Kijana akakubali, akasema kwamba hata yeye na wenzake huko kwao huiacha mara nyingi kanuni hiyo, kwa kuwa inachosha. Basi tukacheza siku tatu bila mizani. Kila mtu alibeba alichotaka. Siku ya tatu niligundua kwamba dada yangu amenyamaza.

Sababu ilikuwa wazi mara tulipoitafuta. Katika mchezo huu Wepesi hufanya kazi nyingi: humfanya mtu awe mgumu kupigwa, humtanguliza katika zamu, hulenga mshale, hutumia silaha nyepesi na hunyata bila kusikika. Nguvu ina kazi chache: kupiga kwa silaha nzito, kupanda na kuruka, kuvaa deraya kubwa ya ratili 65, na kubeba. Ukiondoa kubeba, unamwondolea mwenye Nguvu sehemu kubwa ya faida yake. Hukuigusa nambari yake. Karatasini bado imeandikwa 15. Lakini umeifuta thamani yake, kwa sababu kazi yake haihesabiwi tena. Zile sifa sita zilizopangwa zilingane sasa zimelala upande.

Waasisi walilijua hilo. Katika vitabu vya mwanzo uzito ulipimwa kwa sarafu za dhahabu, kwa kuwa hazina ndiyo iliyotafutwa, na hazina sharti itolewe shimoni kwa mgongo wa mtu. Michezo ya kompyuta iliyozaliwa na mchezo huu haisahau: katika Morrowind ya mwaka 2002, mzigo ukizidi kiasi cha Nguvu yako, miguu hukataa kabisa kwenda. Mashine huhesabu yenyewe. Mezani anayehesabu ni mwanadamu, na mwanadamu huchoka upesi kuhesabu kilicho mabegani mwa mwenziwe. Wahenga walikwisha kusema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nilifikiria pia ushairi. Mwaka uleule wa 1974, Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, na ugomvi wa mizani na vina ukawaka katika fasihi yetu. Mimi nilikuwa, na ningali, upande wa mizani. Lakini nilikuwa nikizitetea kwa sababu finyu, kwamba ndivyo tulivyorithi. Leo ningezitetea kwa njia nyingine. Silabi 16 ni mabega ya mshororo. Neno zito likiingia, jengine sharti litoke, na mshairi analazimika kujua kila neno linabeba nini. Na anayezitupa mizani, kama anatunga kwa dhati, itambidi atafute kipimo chengine, la sivyo maneno yake yatabebana bila ya yeye kujua lipi limeelemewa.

Lakini jambo lililoniondolea usingizi halikuwa la mchezo wala la ushairi. Usiku ule wa tatu, baada ya dadu kurudishwa kifukoni, nilisikia kutoka chumba cha mama sauti niliyoizoea kwa miaka mitatu kiasi cha kutoisikia: kitanda kulia, pumzi ya mtu anayejikaza, kisha "Bismillahi" ya dada yangu. Alikuwa anamgeuza mama ubavu wa pili.

Nikasimama mlangoni. Nikamuuliza, "Kwa siku unamnyanyua mara ngapi?"

Akanitazama kama aliyeulizwa kitu cha kigeni. "Kaka, nani anahesabu?"

Kesho yake nilihesabu. Kumkalisha ale, kumpeleka kuoga, kumbadilisha, kumweka kitini barazani apate upepo, kumrudisha, kumgeuza usiku: mara 11. Mama si mzigo, na atakayesoma hivyo atakuwa hakunielewa. Lakini mwili wa mtu una uzito hata ukipendwa, na uzito huo kwa miaka mitatu ulikuwa juu ya mgongo mmoja. Mimi nilileta dawa, nilipokea wageni, nilijibu salamu za wanaouliza hali, na watu walinisifu kwa kumtunza mama. Haiba 14. Dada yangu tulimsifu kwa neno moja, kwamba ana nguvu, na neno hilo tulilitumia kumwongezea.

Marehemu baba yetu alikuwa nahodha wa jahazi baina ya Unguja na Pemba. Alipokuwa akipakia, sikumsikia akiuliza tu shehena ina uzito gani. Aliuliza imelala wapi. Chombo kitupu hutiwa farumi ili kisipinduke, kwa hiyo uzito wenyewe si adui wa bahari. Kinachozamisha ni shehena iliyolalia ubavu mmoja huku mabaharia wakiusifu ubavu huo kwa uimara wake.

Kijana amesharudi kwao. Ameniachia dadu moja, ile ya nyuso 20, ninaitumia kuzuia karatasi zisipeperuke. Kabla hajaondoka alinifunza, yeye na shangazi yake, namna ya kuweka mikono chini ya makwapa ya mama na kunyanyua kwa magoti badala ya kiuno. Zamu za usiku za Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi sasa ni zangu. Usiku wa kwanza niliweza mara mbili, ya tatu nikamwita dada yangu anisaidie. Alikuja, akashika upande wa miguu, nami upande wa kichwa, tukahesabu pamoja hadi tatu.