Sehemu ya 7: Nilisema "tumia", akameza

Leo nakiri kosa langu mwenyewe.

Juzi nimeshuka kwenye pantoni pale Feri, nikapita sokoni kununua vibua. Dada mmoja mkaanga samaki, mjamzito wa miezi mitano, akaniita: "Nesi! Zile dawa zako mbona ngumu kumeza? Na muwasho uko palepale."

Nikaishiwa nguvu. Nilimpa vidonge sita vya fangasi, vya kuweka ukeni. Kameza vyote.

"Kwani boksi hukusoma?"

"Nimesoma, nesi. Wameandika 'insert'. Hilo neno nalijua, liko kwenye ATM, unaingiza kadi. Nikajua basi, naingiza mdomoni."

Nilitaka kucheka, ila yeye alishashika tumbo: "Mtoto wangu je?" Nikamwambia amwachie mwenzake karai, twende kwa daktari. Mapigo ya mtoto yakasikika vizuri. Wote wawili tukashusha pumzi.

Kiingereza chake hakina kosa. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, nikamwambia tu: "Tumia kimoja kila usiku." Kutumia vipi? Sikusema. "Tumia" yetu inabeba kila kitu, lakini boksi linachagua neno:

"Swallow": meza kizima, kwa maji.
"Chew": tafuna kwanza, ndipo umeze.
"Dissolve": yeyusha. Mfano zinki ya mtoto mchanga anayeharisha, unaiyeyusha kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa yako.
"Apply": paka.
"Insert": ingiza, ila siyo mdomoni. Kuna vya ukeni na vya njia ya haja kubwa.
Na "take"? Shuleni tulifundishwa ni "chukua". Kwenye dawa ya mdomo maana yake ni kunywa au kumeza.

Kwa hiyo mama, usiondoke dirisha la dawa kabla hujauliza: nameza, natafuna, nayeyusha, napaka au naingiza? Wapi? Nesi akikunja uso, uliza tena. Ni haki yako.

Na mimi siku hizi simwachii mama dawa mpaka anieleze kwa maneno yake atakavyoitumia. Yule dada alipopewa boksi jipya alinieleza yote kwa sauti ya chini, hatua kwa hatua. Halafu akacheka: "Kumbe ATM yenyewe siyo mdomo, nesi!"