Siku Moja Baina ya Visiwa vya Mafia

Mwenyezi Mungu ametujuza katika Sura ya Al-An'am, Aya ya 38, kwamba wanyama wa ardhini na ndege wa angani nao ni umma kama sisi. Aya hiyo nimeisomesha miaka mingi, lakini maana yake niliionja siku niliyowachukua wanafunzi wangu saba kutembea kwa mashua katika Ghuba ya Chole.

Tuling'oa nanga Utende asubuhi, tukavuka hadi kisiwa cha Chole, ambacho Wadachi walikifanya makao ya utawala wao kabla ya kuhamia Kilindoni. Hapo tuliwaona popo wakubwa walao matunda, wamening'inia mitini vichwa chini. Jamaa zao wako visiwa vya Komoro. Wengi huwadhani waharibifu tu, kumbe hao hueneza mbegu, na miti ikaota.

Kisha upepo ukatufikisha Kua, katika kisiwa cha Juani. Mji huo ulistawi zamani, hata mapema katika karne ya 19 ukavamiwa na Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, watu wakauawa na wengine wakatekwa. Leo mizizi imekumbatia kuta za misikiti yake. Tukasali Adhuhuri kando ya magofu, rakaa nne kamili, kwani mwendo wetu haukufikia wa kupunguza Sala.

Nahodha akaniusia: "Maalim, rudini mapema. Maji yakipwa, tutakwama."

Tukakikata kisiwa kwa miguu hadi ufuko wa mashariki. Huko kasa hupanda usiku, akafukia mayai yake mchangani, na baada ya kiasi cha miezi miwili watoto hutoka. Wanakijiji wanayalinda mayai hayo, na bahari hiyo ni hifadhi tangu mwaka 1995. Tuliviona vitoto vidogo kuliko kiganja vikijikokota kuelekea majini, pasina mama wala mwongozi ila Mola wao.

Tulipokuwa nusu ya njia ya kurudi, nikaona kofia ya mwanafunzi mmoja ikitikisika mkononi mwake. Ndani yake mlikuwa na kitoto cha kasa. "Nitamfuga katika beseni, Mwalimu," akasema, machozi yakimlengalenga.

Nikawasimulia Hadithi aliyoipokea Abu Daud, ya ndege aliyechukuliwa makinda yake akawa anahangaika, na Mtume (S.A.W.) akaamrisha arudishiwe. Mtoto akaniuliza: "Na maji yakipwa?" Sikuwa na jawabu ila kugeuka. Tukarudi ufukoni, akamweka mchangani kwa mkono wake, tukangoja hata wimbi likampokea.

Tulipofika mashuani, tulikuwa tumekwisha pwelewa. Tukasali Magharibi juu ya mchanga, huku popo wakipita juu yetu kutafuta riziki zao. Maji yalitunyanyua saa tatu usiku. Wazazi walikuwa wametungoja pwani kwa hofu, wakanilaumu, na lawama ile ilikuwa haki yao, nikawaomba radhi.

Lakini ipo lawama iliyo kubwa zaidi. Utotoni mimi nilifukua mayai ya kasa nikayala, wala hapana mkubwa aliyenikanya. Basi, enyi wazazi na walimu wenzangu, tusiwaachie watoto wetu Aya ndimini tu. Tuwaonyeshe watu wake. Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa viumbe vyake, ili naye aturehemu. Amin.