Baridi inaishia kiti cha mbele

Kuna ugomvi wa wanandoa ambao joto la Dar es Salaam huukomaza kila mwaka kati ya Desemba na Machi, na haufanyiki chumbani wala jikoni. Unafanyika ndani ya gari, vioo vimefungwa, foleni haisogei. Mke anasema kiyoyozi hakipozi. Mume anasema kinapoza, avumilie tu gari litembee. Mke anauliza litatembea lini. Mume anakaza macho mbele kana kwamba taa za Buguruni zimemkosea yeye binafsi.

Mwanamume aliyejinyima miaka mitatu akanunua gari lililotumika Japani, akisikia mtu anasema "humu mna joto" husikia "umetuletea gari bovu". Ndiyo maana hujibu kwa hasira jambo ambalo lilihitaji kufunguliwa boneti tu.

Familia moja ya Tabata ilibishana hivyo kwa msimu mzima. Baba alikuwa ameshajaza gesi mara tatu kwa fundi wa jirani. Kila akijaza, gari linapoa siku chache, hasa asubuhi akienda kazini peke yake barabara ikiwa nyeupe. Jioni akirudi anatangaza kwamba AC iko vizuri, na kwa upande wake alikuwa anasema kweli. Yeye ndiye anayekaa mbele ya matundu mawili ya hewa. Magari mengi madogo hayana tundu hata moja la nyuma. Baridi ikiwa haba, inamalizikia kwa dereva na aliye pembeni yake, na wa nyuma wanapata mabaki.

Wa nyuma siku ile walikuwa mama mkwe na mjukuu wa miezi minane. Bibi alikuwa amekuja kutoka Tanga kwa ajili ya kliniki ya presha Muhimbili, na saa nane mchana walikuwa wanarudi nyumbani. Mjukuu alikuwa mapajani kwake, amevalishwa kofia ya sufu na kuviringishwa shali, kwa kuwa bibi haamini upepo wa gari. (Wauguzi wanasema kila siku kwamba mtoto wa Dar haji­viringishwi kama wa Njombe, lakini nani atambishia bibi?)

Foleni ilipokaza, mkwe alifanya adabu yake. "Mama, huko nyuma hewa inafika?"

"Inafika, baba. Wewe angalia njia."

Haikuwa inafika. Lakini mama wa Kitanga, ndani ya gari la mkwewe, hawezi kusema hajisikii vizuri. Angeonekana anadharau chombo. Alikaa kimya akijipepea kwa pindo la khanga, chini chini, ili asionekane kwenye kioo. Na vidonge vyake vya presha vilikuwamo vile vinavyompeleka mtu chooni mara kwa mara, ambavyo vinapunguza maji mwilini. Ili asisumbue njiani, tangu asubuhi alikuwa hajanywa hata glasi moja ya maji. Mzee wa namna hiyo kwenye joto anaweza kuanguka kabla hajajua kwamba ana kiu, kwa sababu kiu yenyewe hupungua na umri.

Aliyeshtuka ni mke, na kilichomshtua ni ukimya. Mtoto alikuwa analia tangu Ilala, kisha akanyamaza. Mama yeyote anajua kulala na kulegea si kitu kimoja. Akageuka, akagusa shingo ya mwanawe, akasema, "Baba, simamisha gari." Safari hii mume hakujibu. Aliingia kituo cha mafuta, wakamvua mtoto shali na kofia, wakakaa kivulini, wakampangusa kwa kitambaa chenye maji. Alipopewa titi alinyonya kwa pupa. Angekataa kunyonya, au angebaki amelegea, safari ingekuwa ya kurudi Muhimbili. Bibi alikunywa chupa nzima ya maji, akaomba radhi kwa usumbufu.

Jumamosi baba alipeleka gari Gerezani, kwa fundi mwingine. Huyu hakugusa mtungi wa gesi. Aliuliza swali moja: linapoza likiwa linakimbia na kuacha kupoza likisimama? Ndiyo. Akawasha injini na kiyoyozi, akafungua boneti, akamwonyesha. Feni moja ilikuwa inazunguka, ya pili imelala.

Kinachofanyika ndani ya gari ni kama cha friji. Gesi inabeba joto la ndani na kulipeleka nje, kwenye kondensa, ile sega ya bati nyembamba iliyo mbele ya rejeta. Pale joto linatakiwa lipeperushwe. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unafanya kazi hiyo bure. Likisimama kwenye foleni, kazi yote inabaki kwa feni. Feni ikifa, au sega ikiziba kwa vumbi, wadudu na vipande vya mifuko, joto halina pa kwenda na hewa ya ndani inakuwa ya vuguvugu. Dar inaongeza uzito mwingine, unyevu wa bahari. Kiyoyozi kinalazimika kukamua maji hewani pamoja na kupoza. Yale matone yanayodondoka chini ya gari lililoegeshwa, ambayo huwatia watu wengi hofu, ni maji hayo, na hayana ubaya wowote.

Na gesi? Gesi haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Friji ya sebuleni inaweza kukaa miaka kumi bila kuongezwa kitu, na hakuna mama anayeweka gesi ya friji kwenye bajeti ya mwezi. Ya gari huvuja zaidi kidogo, kwa sababu ya mipira na mitikisiko, lakini ikiisha kila baada ya wiki kuna tundu, na kujaza bila kulitafuta ni kumimina maji kwenye pakacha. La gari hili lilikuwa kichekesho zaidi. Gesi haikuwa imepungua kabisa. Kwa kujaziwa mara tatu ilikuwa imezidi, na ikizidi presha hupanda na baridi hupungua vilevile. Fundi aliitoa yote, akanyonya hewa na unyevu kwenye mabomba kwa mashine, akapima upya kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kondensa aliiosha kwa maji ya taratibu, maana presha kubwa ya maji inalaza zile sega. Nyuma ya droo ya dashibodi alichomoa kichujio cha hewa, cheusi, kimejaa majani ya mwarobaini wanaouegesha gari chini yake. Hela ya kujaza mara tatu ilikuwa imeshapita bei ya feni iliyotumika.

Jambo lililomkosesha mke usingizi usiku ule lilikuwa jingine. Ni mara ngapi walimwacha mtoto ndani ya gari, injini inawaka, mmoja wao akishuka "dakika mbili tu" kununua mkate au nyama? Watu wengi wa mjini hufanya hivyo wakijipa moyo kwamba AC inawaka. Lakini kiyoyozi cha aina hii, kinachopoza likikimbia na kushindwa likisimama, kinaacha kazi palepale gari linapoegeshwa. Dakika mbili za buchani nazo zinajulikana. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulipima magari yaliyofungwa juani, na kwa saa moja joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 juu ya lile la nje, sehemu kubwa ya ongezeko hilo ikiwa ndani ya nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia sana. Jumlisha na nyuzi 32 za mchana wa Februari hapa kwetu. Mwili wa mtoto mchanga hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima, na mkono wake haufiki kwenye kitasa.

Nyumbani kwao sasa anayeshuka dukani anashuka na mtoto, hata akilalamika mgongo. Gari likitoka juani wanafungua milango kwanza, wanatembea vioo vikiwa chini kwa dakika moja au mbili ili hewa ya moto itoke, ndipo wanafunga na kubonyeza kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, badala ya kuvuta moshi wa daladala iliyo mbele. Safari ikiwa ndefu wanakiachia mara mojamoja, kwa sababu hewa ileile ikizunguka muda mrefu humpa dereva usingizi.

Kliniki iliyofuata ilileta mjadala wa viti. Mke alitaka mama yake akae mbele, penye hewa. Bibi alikataa katakata, hakai bega kwa bega na mkwewe, watu watasema nini? Mume naye aliona haya, akajifanya anakagua tairi. Ilibidi bibi aambiwe kwamba ni agizo la daktari, jambo ambalo halikuwa kweli. Akapanda, akajifunika khanga mpaka kwenye nyusi, chupa ya maji mkononi. Walipofika Buguruni foleni ikasimama kama kawaida yake, feni zote mbili zikinguruma. Baada ya kimya kirefu bibi alikohoa kidogo.

"Baba, samahani. Magoti yanauma. Hii baridi haipungui?"