Kuhuisha Mti

Ndugu wasomaji, na hasa malenga mnaoyapima maneno kabla ya kuyafungulia mlango, leo nimekuja na neno moja tu: kuhuisha. Watoto wetu hawana haja nalo. Wao husema katuni, wengine husema vibonzo, na wote wanaelewana. Lakini kwa ile picha inayotembea, inayocheka na kulia, wataalamu wa lugha wametuwekea "uhuishaji", nami nimelipenda tangu nilipolikuta. Mama yake ni "hai". Kuhuisha ni kukitia uhai kitu kisichokuwa nao, au kukirudishia kilichokuwa kinazimika. Nao Wazungu walipotafuta jina la kazi hiyo walikwenda kuazima katika Kilatini, kwenye neno lenye maana ya pumzi na roho. Watu wasiojuana wamechota kisima kimoja.

Kwetu kusini kisima hicho kiko Mahuta, juu ya uwanda wa Makonde. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa upande huo, na hadithi aliyotuachia ndiyo ile ambayo Mjerumani Karl Weule, aliyepita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, aliiweka katika kitabu chake cha mwaka 1908. Zamani za kale hapakuwa na watu. Palikuwa na mmoja tu, naye hakuwa mtu kamili. Hakuoga, hakunyoa, alikula kidogo na kunywa kidogo, akaishi peke yake porini. Siku moja akachonga gogo la mti likawa na umbo la binadamu, akalisimamisha wima penye makao yake. Usiku ule gogo likaamka, likawa mwanamke. Wakashuka pamoja hadi mto Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto asiye na uhai. Wakahamia upande wa Mbwemkuru, na mtoto wa pili naye akazaliwa amekufa. Wakapanda Mahuta, kwenye nchi ya juu yenye vichaka, na hapo mtoto wa tatu akaishi.

Yule baba akawaachia wanawe maagizo. Wafu wazikwe wakiwa wima, kwa kumkumbuka mama aliyeamka akiwa amesimama. Na watu wasijenge mabondeni karibu na mito mikubwa, kwani huko ndiko yanakokaa maradhi na mauti. Najua kuna msomaji ambaye tayari ameshika kalamu aandike kwamba funzo hilo hapo. Ni kweli, lipo, na ni funzo la watu waliowazika watoto wao. Lakini angalieni limekaa wapi. Gogo halikuambiwa lifanye lolote ili liamke. Lilisimamishwa, usiku ukapita, likaamka. Sisi watoto tuliokuwa tukimsikiliza bibi hatukuwahi kukumbuka suala la umbali wa maji. Tulichokwenda nacho kitandani ni gogo, na kila mhimili wa nyumba ulikuwa na macho usiku kucha.

Sasa mlinganishe mwanamke huyo na kijana mwingine wa mti, Pinocchio, ambaye wajukuu zangu walimjua kwa filamu kabla ya kumjua mama yao wa Mahuta. Carlo Collodi alikichapisha kitabu chake Italia mwaka 1883, na Disney wakamhuisha mwaka 1940. Pinocchio anatembea na kusema, lakini si mtoto wa kweli mpaka awe mtiifu, mkweli na mchapakazi. Ubinadamu wake ni mshahara. Hata hivyo siwezi kumsema vibaya Collodi, maana hadithi yake ilipokuwa ikitoka kwa vipande katika gazeti la watoto alikwisha kumnyonga kijana wake mtini na kuweka nukta, na wasomaji ndio waliodai arudishwe. Watoto hawakutaka adhabu iwe ndiyo mwisho. Walitaka hadithi iendelee.

Mjukuu wangu mkubwa, ambaye kwa utani wetu namwita mke mwenza, yuko kidato cha pili. Alipomaliza kusikia hadithi ya Mahuta aliniuliza, "Bibi, kwa hiyo huyu mwanamke hakupewa masharti?" Nikamwambia hakupewa. Akasema, "Basi huyu ni bora."

Nimefundisha Kiswahili katika sekondari kwa zaidi ya miaka 30 baada ya kutoka chuo cha ualimu, na katika miaka hiyo swali la ujumbe wa mwandishi lilikuwa ugali wangu wa kila siku. Kwa kijana wa kidato cha nne ni swali lenye haki yake. Kinachonisumbua ni kuliona limeshuka hadi kwa mtoto wa darasa la kwanza. Fungueni kitabu chochote cha hadithi kwa watoto wadogo, na mara nyingi mtakuta ukurasa wa mwisho umejaa maswali, na swali la mwisho ni hilo hilo: hadithi hii inatufundisha nini? Sungura amedanganya, kobe ameshinda, fisi ameungua, na mtoto, badala ya kuachwa acheke, anapelekwa mahakamani kutoa ushahidi.

Tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto uanze hapa Tanzania mwaka 1991, watoto wetu wamepata vitabu vingi vya Kiswahili ambavyo kizazi changu hakikuviota, na sitaki kusikika kama mtu anayedharau chakula alichopikiwa. Nasema tu kwamba tumewapa watoto sifongo nyingi za kufutia na chaki chache.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu kidogo. Nilipostaafu niliandika hadithi fupi ya mtoto wa Msimbati. Wakati wa bamvua, maji yalipokuwa yakipwa kwa kasi kati ya mikoko, kivuli chake kilivutwa na mkondo kikaenda zake hadi mlango wa Ruvuma. Mtoto akaishi nusu mwezi bila kivuli. Bamvua iliyofuata kivuli kikarudi na maji ya kujaa, kimelowa, na kimejifunza salamu za ng'ambo ya pili, Msumbiji. Basi. Nikaupeleka mswada kwa mchapishaji mmoja, ambaye jina lake litakaa kwangu. Mhariri alinijibu kwa adabu nyingi. Lugha ni nzuri, alisema, ila funzo halionekani, na akapendekeza mtoto apoteze kivuli kwa sababu alimkaidi mama yake aliyemkataza kwenda pwani. Nikamwandikia kwamba mtoto hakukosa lolote, ni maji tu yalikuwa yanapwa. Ninamwelewa mhariri yule. Kitabu kisichoingia shuleni hakina mnunuzi, na mlango wa shule unalindwa. Lakini mswada umo kabatini mwaka wa nne sasa, na mtoto wangu wa Msimbati hajaongezewa kosa.

Wapo watakaoniambia kwamba njozi zisizo na kazi ni tabia ya wageni, na kwamba hadithi ya Mswahili lazima iadilishe. Hapo nawaomba tuitazame lugha yenyewe. Mtambaji wa pwani anapofungua, wasikilizaji humjibu kwa kuita vitu vitatu: hadithi ije, uongo uje, utamu ukolee. Uongo unaitwa kwa jina lake, mbele ya wazee, na anayeuita ni msikilizaji. Sijui mapatano mengine ya wazi kama hayo kati ya msanii na hadhira yake. Katika mwito ule funzo halikutajwa. Likija, linakaribishwa kama mgeni mwingine yeyote, lakini karamu haikuandaliwa kwa ajili yake.

Edward Steere, ambaye baadaye, mwaka 1876, aliongoza msafara uliojenga kituo cha misheni Masasi, alikusanya Unguja hadithi alizozichapisha mwaka 1870. Ndani yake yumo kima aliyepandishwa mgongoni na papa, na walipofika mbali baharini akaambiwa kwamba unatakiwa moyo wake uwe dawa ya sultani. Kima akajibu kwamba moyo ameuacha nyumbani, juu ya mkuyu, na kwamba ndiyo desturi ya kima wote wanaposafiri. Anayetaka kuligeuza jambo hilo kuwa somo la uraia ana kazi. Mwaka 1940 Kiswahili kikampokea hata Alice wa Lewis Carroll, akaitwa Elisi katika Nchi ya Ajabu, na katika picha akawa msichana wa Kiafrika. Mle ndani yumo bibi mmoja mwenye cheo kikubwa ambaye kila analolisikia hulitafutia funzo, hata liwe halina kichwa wala miguu. Mwandishi anamcheka. Nimekutana na bibi huyo katika vikao vingi vya walimu.

Na Shaaban Robert? Hakuna aliyelipenda funzo kumshinda. Majina ya wahusika wake peke yake ni mafunzo matupu. Lakini mtu yule alianza kwa kujenga. Aliitundika nchi nzima angani akaiita Kusadikika, na katika Adili na Nduguze ndugu wawili wamegeuzwa manyani. Vijana wangu wa darasani walisahau upesi nani ni mwema na nani ni mwovu, lakini manyani waliochapwa viboko kila usiku hawakuwasahau. Wengine wananikumbusha hadi leo tukikutana sokoni.

Nirudi kwenye picha zinazotembea, kwa sababu huko ndiko waliko watoto jioni hizi, simu ya mzazi ikiwa mkononi. Filamu ya Disney ya simba ya mwaka 1994 ilitukopa maneno kwa wingi: Simba, Rafiki, Shenzi, Pumbaa. Mjukuu wangu mdogo aliamini kwamba Pumbaa ni jina la ngiri tu. Nilipomwambia, "Mbona umepumbaa?" alicheka sana, akadhani nimemwita nguruwe. Kitenzi chake mwenyewe alikipokea kutoka Marekani kikiwa kimegeuzwa jina la mnyama, na wanyama wenyewe wanazungumza Kiingereza.

Jambo la namna hiyo limempata jirani yetu Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya mbao za kubandika dari. Alifariki mwaka 1972, kazi yake ya uchoraji ikiwa na miaka michache tu. Mwaka 2010 ukatoka mfululizo wa Tingatinga Tales, uliohuishwa Nairobi kwa ajili ya televisheni za Uingereza na kwingineko, vipindi 52, kila kimoja kikieleza kwa nini mnyama fulani ana umbo au tabia aliyo nayo. Ni kazi nzuri kwa macho. Chui na kobe wametoka moja kwa moja katika mkono wa mtu wa Tunduru. Ila lugha yake ni Kiingereza, na ukimuuliza mtoto wa Tunduru leo tingatinga ni nini, atakuonyesha mashine inayochonga barabara.

Kwa upande wa Kiswahili wapo Ubongo, shirika lililoanza Dar es Salaam mwaka 2013. Ubongo Kids inafundisha hesabu na sayansi, na sina ugomvi na hesabu. Lakini kipindi ninachokipenda ni kile cha wadogo zaidi, cha Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya mlima Kilimanjaro. Akilala anaingia nchi nyingine, wanyama wakawa rafiki zake, na nchi hiyo inaitwa Lala. Sikilizeni uzuri wa jina hilo. Ni amri ambayo kila mtoto wa Kiswahili huambiwa kila usiku na huichukia, nayo imegeuzwa kuwa mahali pa kwenda. Hayo mageuzi hayatafsiriki. Yamezaliwa ndani ya lugha, na ndiyo uhuishaji ninaousema: neno lililosimama wima katika kila nyumba limeamka. Herufi na tarakimu zinazofundishwa huko Lala zinafundishika popote pengine.

Basi, mke mwenza ameamua kumhuisha mama wa Mahuta. Ana simu yenye kioo kilichopasuka na programu ya kuunganisha picha. Amenieleza kwamba sekunde moja inahitaji picha 12, kwa hiyo dakika moja ni picha 720, na katika kila picha kitu kisogezwe kidogo sana. Tulikwenda kwa mzee mmoja mchongaji kuazima kinyago cha mwanamke. Shida ikaonekana siku ya kwanza: mpingo haukunji mkono. Mzee alicheka, akasema kama tulitaka mkono unaokunjika tungekuja na udongo. Binti akakaa kimya siku mbili, kisha akaniambia hatamsogeza mwanamke, atasogeza mwanga. Akakisimamisha kinyago uani penye giza, na kwa muda wa usiku mmoja na alfajiri yake akapiga picha bila kukigusa. Taa ya chemli ikazunguka kidogo kidogo, kisha jua likachukua zamu. Nimeiona. Kivuli kinatembea ukutani, kinapanda bega, kinashuka shavuni, na pale mwanga unapofika machoni ungeapa kwamba amepumua. Ni sekunde 40.

Sasa tumekwama kwenye sauti. Mchongaji anasema mwanamke yule lazima aseme Kimakonde, kwani Kiswahili kilikuwa hakijapanda uwanda wakati huo. Mke mwenza anataka Kiswahili, ili shule nzima ielewe, na anataka neno la kwanza liwe "Wewe ni nani?" Mimi nilidhani anyamaze. Mjukuu mdogo, yule wa Pumbaa, anasema mtu aliyelala tangu alipokuwa mti hawezi kuamka na maswali, ataomba maji. Kinyago tumeongezewa siku za kukaa nacho mpaka Ijumaa.