Mimi ni wa 1.5

Rafiki yangu akiona Mazda MX-5 ile iliyotoka 2015, huuliza kitu kimoja tu: "Buda, hiyo ni ya lita mbili?" Kwake 1.5 ni injini ya teksi.

Mimi nachukua 1.5. Kale kagari ka watu wawili, paa la turubai, kalipunguzwa kilo mia hivi kuliko kizazi kilichotangulia. Hadi boneti ni ya alumini. Uingereza, ya 1.5 iliorodheshwa kilo 975, ya lita mbili kilo 1,000. Mtu atoe jasho kupunguza uzito, halafu arudishe kilo 25? Sawa, unapata farasi 160 badala ya 131. Lakini ile ndogo inazunguka mpaka mara 7,500 kwa dakika, kubwa inaishia 6,800. Na hewa ukaa ni gramu 139 kwa kilomita, si 161.

Ilipoingia sokoni, Wajapani wenyewe waliuziwa 1.5 tu. Wamarekani, lita mbili tu. Hapo sina swali.

Halafu Kenya ushuru unapanda injini ikizidi cc 1500. Hii ni 1496.

Rafiki yangu anasema nabishania gari ambalo sina. Yeye pia hana.