Ugonjwa Uliofanywa Dawa

Wahenga walisema kuwa dawa ya moto ni moto. Mwanafunzi mpenzi, pengine umedhani neno hilo ni la ugomvi tu. Nakuomba tulitazame katika utabibu, ambamo adui mmoja hutumwa kumpiga mwingine.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza saratani iliyovimbisha mataya ya watoto wa Afrika. Mwaka 1971 madaktari wawili wa huko huko, Bluming na Ziegler, walitangaza ajabu: mtoto mwenye saratani hiyo alishikwa na surua, na uvimbe wake ukanywea.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu hapa Kangeta habari hii, mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, kama surua huua saratani, mbona twachanjwa tusiipate?" Swali lilikuwa jema. Nilimjibu kuwa kati ya maradhi na dawa pana kazi.

Surua ya kuambukizwa haina kipimo wala haina huruma. Humwacha mmoja, humpofusha wa pili, humwua wa tatu. Ile ya dawa ni kirusi kilichodhoofishwa, jamaa ya kile cha chanjo. Hukuzwa ndani ya seli hai katika chombo safi, na mavuno yake huwa virusi vilivyochanganyika na mabaki ya seli zilizopasuka. Basi, kama mrina asali achujavyo nta na nyuki wafu, wataalamu huondoa kwanza mabaki makubwa. Kisha hutia kimeng'enya cha kukata nyuzi za DNA zilizomwagika. Mwisho hupitisha mchanganyiko juu ya utando wenye vitundu vidogo mno. Uchafu hupenya, virusi hubaki vikaoshwa.

Lakini chujio linalozuia bakteria huzuia pia virusi vingi vya surua, kwa ukubwa wao. Kwa hiyo usafi hauwezi kungojwa mwishoni. Hauna budi kuwapo tangu hatua ya kwanza. Tena joto huvidhoofisha. Kama miraa yetu ifungwavyo kwa majani ya migomba na kukimbizwa sokoni kabla haijapoteza nguvu, ndivyo dawa hii igandishwavyo upesi katika baridi kali.

Kwa nini taabu yote hiyo? Mwaka 2014 madaktari wa Mayo, katika jimbo la Minnesota, Marekani, walieleza habari za mama mmoja mwenye saratani ya uboho. Alitiwa mshipani virusi bilioni 100, kiasi cha kuchanja watu milioni 10. Katika kipimo kikubwa hivyo, uchafu mdogo ungegeuka sumu. Saratani yake ilirudi nyuma. Mwenzake aliyepewa kipimo hicho hakufanikiwa vile. Hivyo dawa hiyo ingali ya majaribio, na chanjo ingali ngao yetu. Usiikimbie.

Tafakari pia jambo hili: mtoto yule alikuwa wa Afrika Mashariki, lakini vyombo vya kutengenezea dawa vilijengwa ng'ambo. Siku utakapopewa zamu ya kuosha chupa za maabara shuleni, usiione kuwa adhabu. Ziosha vizuri, uziangalie kwenye mwanga, na ukiona doa, rudia. Anayeweza kufanya hivyo asipotazamwa amekwisha kuanza kazi ya kutengeneza dawa.