Uvimbe Usiosafiri

Neno saratani tulilipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa. Wagiriki wa kale nao, akiwamo tabibu Hippocrates, waliuita ugonjwa huu kwa jina la mnyama yuyo huyo. Lakini uvimbe usiokuwa saratani hauna jina kwetu. Twautaja kwa kuukanusha tu. Pengo hilo la msamiati lilitugusa nyumbani dada yangu alipopata uvimbe mdogo kwenye titi.

Jamaa walikuwa wamekwisha kata shauri: ni saratani, na sindano iliyochukua kipande cha nyama imeiamsha. Mama alinikabidhi karatasi ya maabara, Kiingereza kitupu. "Wewe ndiwe usomaye lugha, mwanangu. Tuambie."

Niliwaeleza kwamba kila uvimbe huanza seli zinapozaana pasipo kipimo. Ule usio wa saratani hukua papo hapo, aghalabu polepole, ukizisukuma nyama za kando bila kuzipenya. Wa dada ulikuwa huo. Saratani huzipenya nyama jirani, kisha seli zake husafiri kwa damu na limfu, zikapiga kambi kwenye ini, mapafu au mifupa. Kidole hakitoshi kuamua. Mwamuzi ni hadubini, na ndiyo maana ya sindano ile.

"Kwa hiyo huu ni uvimbe mwema?" Mama aliuliza.

Swali zito hilo, hata kwa mwanaisimu! Uvimbe usio wa saratani ukiota ndani ya fuvu huweza kuukandamiza ubongo na kuua. Fibroidi za nyumba ya uzazi si saratani, ila huwavujisha wanawake wengine damu hadi wakaishiwa nguvu. Kwa upande wa pili, uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliueleza nchini Uganda mwaka wa 1958 ni saratani ikuayo kwa kasi ya kutisha, lakini dawa huwaponya wengi wanaowahi matibabu. Wema hapo ungekuwa wapi?

Nikajibu, "Ni uvimbe usiosafiri, Mama."

Alilirudia neno hilo taratibu, akamgeukia dada: "Hausafiri." Daktari alishauri uachwe, uwe ukipimwa kila baada ya miezi 6. Shangazi yetu mmoja, kila tukikutana, bado huniuliza kwa sauti ya chini iwapo haujafunga virago.